Neno "trivial": dogo kwa nani?

Mvua zilikuwa zinakatika, mwezi wa nne, mama mmoja jirani yetu hapa Lubumbashi alipokuja kwangu na bahasha mkononi. Nyumba yake iko kando ya barabara ambayo malori ya madini hupita usiku kucha, na ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umepasuka. Alikuwa amepeleka malalamiko kwa kampuni moja inayopitisha mizigo yake pale. Jibu lilikuja kurasa mbili: wa kwanza wa Kiingereza, wa pili wa Kifaransa, tafsiri ya ule wa kwanza. Kijana wake mwenye diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, alikuwa amemsomea ule wa Kifaransa, na hicho ndicho kilichomleta kwangu akiwa amekunja uso.

"Mwalimu, unisomeye weye," akaniambia. "Banaandika dégâts triviaux. Mutoto anasema ile ni neno ya matusi. Miye nilitukana nani?"

Kijana hakukosea. Kifaransa tulichofundishwa shuleni hapa Kongo hulitumia neno "trivial" kwa mambo machafu: mzaha wa kihuni, neno la aibu, lugha ambayo mzazi hataki isikike mezani. Mwalimu wa Kifaransa akikuambia usemi wako ni "trivial", amekuonya juu ya adabu. Sasa mama amelalamikia ukuta wake, halafu anajibiwa kwamba uharibifu wenyewe ni wa kihuni. Ndivyo alivyosikia.

Nikageuza ukurasa wa Kiingereza. Aliyeandika pale alisema "trivial damage", na uhuni haukumpitia kichwani hata kidogo. Mfasiri aliliona neno linafanana na la Kifaransa, akalihamisha lilivyo, akalitia wingi, kazi ikaisha. Nilimweleza mama kwamba tusi analolisikia halimo. Nilimweleza pia kwamba katika ukurasa wa Kiingereza kuna jambo jingine ambalo kijana wake hakuliona, na hilo ndilo la kujibiwa. Tangu siku hiyo nimelichimba neno hili kuliko neno lingine lolote la Kiingereza, maana naona wengi wetu tunaopokea barua na mikataba ya lugha hiyo tunalipita mbio tukidhani tunalijua.

Lubumbashi ni mji wa lugha zinazopishana njiani. Nyumbani Kiswahili, shuleni na ofisini Kifaransa, sokoni Kibemba na Kiluba vinaingia kati, na Kiingereza kinapanda na malori kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au kinashuka kutoka ofisi za migodi. Neno linalofanana katika lugha mbili kati ya hizo ni kama mapacha: unamsalimia mmoja ukidhani ni mwenzake. "Trivial" ni pacha wa namna hiyo.

Mzizi wake ni Kilatini. Tri ni tatu, via ni njia. Mahali njia tatu zinapokutana Waroma walipaita trivium. Sisi tunasema njia panda, na kwetu njia panda ni mahali pazito. Mtu akikuambia yuko njia panda, hajui ashike ipi na anakuomba ushauri. Huko pwani hata kafara hupelekwa njia panda. Waroma nao walikuwa na mungu wa kike wa mahali hapo, jina lake Trivia, wa usiku na uchawi. Lakini sifa iliyozaliwa na njia panda yao, trivialis, ilishika jambo jingine kabisa: pale kila mtu hupita, mwenye cheo na mwenye mzigo kichwani, kwa hiyo kinachosikika pale ni cha kila mtu, cha barabarani, hakina upekee. Mshairi wao Juvenal, zaidi ya miaka 1900 iliyopita, aliitumia sifa hiyo kwa shairi la kawaida lisilo na upya, akalifananisha na sarafu iliyogongwa chapa ile ile ya sarafu zote. Angalieni kwamba udogo haujaingia bado. Kilichopo ni ukawaida. Ila ukawaida ukitazamwa na mtu aliyesoma, dharau haiko mbali.

Njia ya pili ilipitia shuleni. Katika zama za kati vyuo vya Ulaya viligawa elimu kuwa fani 7. Tatu za mwanzo, yaani sarufi, mantiki na ufasaha wa kusema, ziliitwa trivium. Nne zilizofuata, hesabu, jiometria, muziki na elimu ya nyota, ziliitwa quadrivium, jina ambalo asili yake hutajwa kwa mwanafalsafa Boethius wa karne ya 6. Katika Kiingereza cha karne ya 15 "trivial" lilikuwa neno la shule, jambo linalohusu zile fani tatu. Wapo wanaosema maana ya udogo ilitoka hapo, kwa kuwa fani hizo zilikuwa za wanaoanza. Mimi naona mito miwili imekutana, wa barabarani na wa darasani, na yote miwili inateremkia upande mmoja: jambo ambalo mtu mkubwa hajisumbui nalo. Linaniuma kidogo, mimi mwalimu wa lugha, kwamba sarufi na mantiki na ufasaha, zile zile zana ambazo mama yule alizihitaji mbele ya barua yake, ndizo zilizolipa jina jambo lisilo na maana.

Kufikia mwisho wa karne ya 16 maana ya leo ilikuwa imeshakaa. Shakespeare, katika sehemu ya pili ya tamthilia yake juu ya Mfalme Henry wa Sita, anaonyesha wakubwa wakishauriana namna ya kumuua Gloucester, mtu anayependwa na raia. Mmoja wao anakiri kwamba hoja waliyo nayo ya kumwona anastahili kifo ni "trivial", haizidi sana shaka tupu. Hoja ni nyepesi kama unyoya, na upande wa pili wa mizani kuna roho ya mtu. Na bado wanaendelea na shauri lao. Kila nikitaka kuwaeleza wanafunzi uzito wa neno hili naanzia pale, kwa sababu linaonekana waziwazi kuwa ni kipimo ambacho mtu anakishika mkononi akiamua kitu fulani kibebe au kisibebe.

Kifaransa kilirithi neno lile lile la Kilatini, kikalisukuma kwingine. Kutoka kwenye ukawaida kikashuka hadi uchafu: cha barabarani, kwa hiyo cha watu wasio na malezi. Ndiyo maana ya kwanza ambayo msomaji wa Kifaransa atakutana nayo. Lakini Kifaransa hicho hicho, darasani kwa hesabu, husema "solution triviale" bila aibu yoyote, kwa jibu linaloonekana bila jasho. Kijana wa jirani yangu alisoma pédagogie, mkondo wa ualimu. Angekuwa wa math-physique, mkondo wa hesabu na fizikia, huenda angeisoma barua kwa namna nyingine, na mama asingefika kwangu.

Tuje kwenye Kiingereza cha leo, maana ndicho kilichoandika barua. Ukubwa na udogo hupimwa kwa mita na mizani. "Small" inapimika. "Trivial" haipimiki, kwa sababu haisemi kitu kina urefu gani. Inasema kitu hakistahili umakini, muda, wala fedha za anayesema. Ni hukumu iliyovaa nguo za kipimo. Na hukumu ina hakimu. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya neno hili ni "dogo kwa nani?", na swali hilo barua nyingi haziliachii nafasi, kwa kuwa neno linakaa ndani ya sentensi kama vile limetoka kwenye rula.

Hapa Katanga tuna mfano mzuri wa tofauti hiyo, nao uko ndani ya shaba yenyewe. Shaba ya bamba inayouzwa katika masoko makubwa ya dunia lazima iwe na usafi wa takribani asilimia 99.99. Kinachobaki ni takataka kidogo sana za metali nyingine, ambazo jicho halizioni na ulimi hauzionji. Kwa wingi wake ni kidogo mno. Lakini metali iitwayo bismuthi ikizidi sehemu chache tu katika milioni, shaba inaanza kuwa tete: unaivuta iwe waya, inakatika. Mtu wa maabara ya kiwanda hawezi kuiita bismuthi hiyo "trivial", ingawa ni kidogo kuliko chumvi iliyodondoka kwenye sahani. Ingekuwa ni neno la kipimo tu, angeruhusiwa.

Kiingereza kina ndugu kadhaa wa neno hili, na wanaotafsiri huwatia wote kapu moja la "dogo". "Negligible" ndilo linalokaribia kipimo: linasema ukikiacha kitu hicho nje ya hesabu, jumla haibadiliki. Kifaransa chake, "négligeable", ni rafiki wa kweli, unaweza kumwamini. "Paltry" hupenda kukaa na fedha. Ni ile hali ya kufanya kazi mwezi mzima ukapewa kiasi ambacho unaona aibu kukihesabu mbele ya mwenzako. "Petty" ana historia ambayo sisi wa Kifaransa tunapaswa kuijua, kwa sababu ni "petit" yule yule aliyevuka bahari. Mwanzoni hakuwa na dharau. Hadi leo katika ofisi fedha za matumizi madogo zinaitwa "petty cash", kama sisi tunavyosema "petite caisse", na hakuna anayetukanwa. Lakini ukimwita mtu "petty" umemwambia ana roho ndogo, wa kushikilia visa, wa kuhesabu nani alimsalimia na nani hakumsalimia. Fedha ikiitwa hivyo imeelezwa. Mtu akiitwa hivyo amechomwa.

Naye "minor" ana jambo lake mjini kwetu. Kifaransa chake ni "mineur", na katika Kifaransa "mineur" ni kitu kidogo, ni mtoto asiyefikisha umri, na ni mchimba madini pia. Maneno yamekutana kwa bahati tu, asili zake mbili tofauti. Lakini mtoto wa mchimbaji hapa hujifunza mapema kwamba neno linaloandikwa kwa ajali ndogo ndilo linaloandikwa kwa kazi ya baba yake. "Minor" walau ina ngazi: ikiwa kuna ajali ya daraja la chini, basi kuna ya kati na ya juu, na mahali fulani kuna karatasi inayoeleza kila daraja. "Trivial" haina ngazi. Huwezi kuuliza ni ya daraja la ngapi.

Mahali pamoja nimeona watu wa kazi wamelishika neno hili kwa uangalifu unaostahili, nako ni kwa wakaguzi wa mahesabu. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi, katika kile cha namba 450, vinamtaka mkaguzi akusanye makosa yote anayoyakuta, isipokuwa yale ambayo ni "clearly trivial", yaani wazi kabisa kwamba hayana uzito. Kisha kiwango hicho kinafanya kitu ambacho waandishi wa barua hawafanyi: kinaeleza. Kinasema "clearly trivial" si jina lingine la kosa lisiloweza kubadilisha uamuzi wa msomaji wa hesabu. Ni kosa dogo zaidi ya hilo kwa mbali, lisilo na athari likiwa peke yake wala likijumlishwa na mengine, na kwa kipimo chochote utakachotumia, kiwe cha ukubwa, cha aina au cha mazingira. Na shaka ikiwepo, hata ndogo, kosa hilo halihesabiwi kuwa "trivial". Linabaki kwenye orodha. Tazameni shaka imewekwa upande gani. Anayetaka kuliacha kosa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba linaachika. Na wakaguzi wa Kifaransa hawakuandika "trivial" katika tafsiri yao, waliandika "insignifiante".

Wanahesabu nao wana matumizi yao, na hayana dharau ndani yake. Chukua mlinganyo 2x + 3y = 0. Ukiweka sifuri mahali pa x na sifuri mahali pa y, inakubali. Jibu hilo ni la kweli lakini halikufundishi kitu, kwa hiyo linaitwa "trivial" na mtu anaendelea kutafuta mengine. Namba 7 inagawanyika kwa 1 na kwa 7 yenyewe. Vigawo hivyo ni "trivial", kila namba inavyo, na namba isiyo na kigawo zaidi ya hivyo ndiyo tunaiita namba tasa. Mwaka 1859 Mjerumani Bernhard Riemann aliandika juu ya fomula moja inayohusiana na namba tasa. Fomula hiyo hutoa sifuri mahali pengi. Pale penye -2, -4, -6 na kuendelea hivyo, sababu inajulikana, na sifuri hizo zinaitwa "trivial". Zile nyingine, zinazoitwa "non-trivial", Riemann alidhani zote zimejipanga kwenye mstari mmoja. Hajapatikana wa kuthibitisha. Tangu mwaka 2000 Taasisi ya Hesabu ya Clay, ya Marekani, imeweka dola 1,000,000 kwa atakayefaulu. Kwa hiyo kiambishi "non-" kilichotangulia neno letu kinasimama mbele ya swali gumu kuliko karibu yote ya hesabu.

Hiyo "non-trivial" imetoka kwenye hesabu ikaingia kwa wahandisi na watu wa kompyuta, na wengi hupotea hapo. Mhandisi akiandika kwamba ukarabati wa pampu ni "non-trivial", mgeni wa lugha anaelewa "si kazi ndogo sana, basi ni ya kawaida." Sivyo. Amesema ni kazi nzito, itakula muda na fedha, msije mkashangaa. Mswahili hapaswi kupata shida na usemi huo, kwa sababu tunao. Ukiulizwa mavuno yalikuwaje ukajibu "si haba," hukumaanisha kidogo. Ukisema kulea watoto sita "si mchezo," kila mtu anakuelewa. Tunakanusha udogo ili tutangaze ukubwa. "Non-trivial" itafsiriwe hivyo: si mchezo.

Na kuna mahali ambapo neno hili lilipewa kitu kidogo likakiheshimu. Msweden Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1753, aliipa kila mmea, kando ya maelezo marefu ya Kilatini yaliyokuwa desturi, neno moja fupi la kukumbukwa. Neno hilo aliliita nomen triviale, jina la kawaida, la njia panda. Mahindi, ambayo unga wake ndio bukari yetu, yaani ugali, ya kila siku, yakawa Zea mays: mays ndilo lile jina fupi. Yale maelezo marefu yamesahaulika, na jina fupi ndilo linaloandikwa duniani kote. Katika udongo wetu wa shaba huota mmea mdogo ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, lile la pili likiwa jina la namna ile ile, na limebeba nchi yetu. Hufika magotini tu, una maua madogo yaliyosongamana kileleni, na mtu anayetafuta kuni anaukanyaga bila kuuona. Huvumilia shaba nyingi inayoua mimea mingine, ndiyo maana mtafuta madini anayejua kazi yake akiuona umetanda peke yake hupiga magoti atazame udongo.

Turudi kwenye tafsiri, maana ndipo mkono wangu ulipokuwa mzito. Kiswahili tumpe nini mama yule? "Uharibifu mdogo" ni rahisi na ni wa uongo, kwa sababu unamwambia ni suala la kipimo, na hakuna aliyepima. "Hafifu" ina sura ya udhaifu, "duni" ina sura ya cheo. "Upuuzi" imezidi, mwandishi wa barua hakumwita mpuuzi. Kiswahili chetu cha Katanga kina njia nyingine. Pwani mtu hupunguza kwa ki-: kitoto, kijumba, kijitu. Sisi tumepokea ka- na tu- kutoka Kibemba, Kiluba na ndugu zao: katoto, tutoto, kanyumba. Na ka- hii ina pande mbili. Mama akisema "katoto kangu," ni mapenzi matupu. Mtu wa ofisi akisema "kanyumba kako," ni jambo jingine kabisa, ingawa kiambishi ni kile kile. Ni sauti na uso vinavyotenganisha, na barua haina sauti wala uso. "Kamambo ka bule", jambo la bure, ningeweza kusema, na mama angeelewa mara moja. Angeelewa pia kwamba anayesema hivyo amejiweka juu.

Tuna neno jingine lililonisaidia zaidi, nalo ni "si neno". Mtu akikukanyaga mguu kwenye foleni, "si neno" ni lako kulisema. Ni msamaha, na ni wewe mwenye mguu unayeutoa. Yeye akikutangulia, akakukanyaga na papo hapo akasema "si neno", ugomvi umeanza, hata kama mguu hauumi. Neno ni lile lile na mguu ni ule ule. Kilichobadilika ni nani amelitamka. Jirani zetu wa Kenya huita hongo "kitu kidogo", hata ikiwa ya maelfu, na anayeiita ndogo kila mara ni anayeipokea.

Nikamwambia mama hivyo: hawakukutukana kwa uhuni, lakini wamekukanyaga mguu wakasema "si neno" kwa niaba yako. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia twende nikaone.

Ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha ukapanda kwa mshazari hadi karibu na bati. Nyumba ni ya matofali ya udongo mbichi, imepakwa chokaa, na chokaa ilikuwa imeanguka vipande vipande juu ya kitanda. Mama alikuwa amefanya kitu ambacho sikukitarajia. Alikata vipande vyembamba vya karatasi ya daftari, akavibandika kwa uji wa unga wa bukari kukatisha ufa, na juu ya kila kimoja akaandika tarehe kwa kalamu ya wino. Kipande cha chini, cha mwezi wa kwanza, kilikuwa kimechanika katikati, na nusu zake mbili zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha ukucha. Cha juu yake, cha mwezi wa pili, kilikuwa kimechanika pia. Cha mwezi wa tatu kilikuwa kimekazwa kama ngozi ya ngoma.

Tuliandika jibu mezani kwake jioni ile. Nusu ukurasa wa Kifaransa, nusu ya Kiingereza, na chini nikaweka Kiswahili ili ajue anachotia sahihi. Hatukulalamikia neno triviaux. Tuliuliza mambo matatu: ni nani aliyeutazama ukuta, lini, na alitumia kipimo gani kufikia neno "trivial". Tukaorodhesha tarehe za vile vipande vya karatasi na hali ya kila kimoja. Katika Kiswahili, mahali pa neno lenyewe, niliandika "uharibifu ambao mmeona haustahili kushughulikiwa". Ni ndefu, sikupata fupi iliyo kweli. Mama aliisoma mara mbili kwa sauti, akaweka kidole kwenye "mmeona", akatia sahihi.

Baada ya majuma mawili alikuja mtu mwenye mita ya chuma na kamera. Alipima ufa mahali patatu, chini, katikati na juu, akapiga picha za vipande vya karatasi moja moja. Mama alisimama nyuma yake muda wote. Fomu yake ilikuwa na safu pana ya maelezo. Hakuandika sifa yoyote pale. Aliandika milimita 6, milimita 4, milimita 3, na tarehe.